Nani Aingie Chumba cha Ushauri Nasaha

Kikao cha ushauri nasaha cha mtu mmoja huwa na watu wawili: mteja na mshauri. Mume, mzazi au mchungaji aliyemsindikiza hubaki nje, hata kama ndiye aliyelipa, kwa kuwa mwenye kikao ni mteja. Mteja akitaka mwenzake aingie, hukubaliana kwanza na mshauri lipi lizungumzwe mbele yake na lipi lisiguswe, na ruhusa hiyo anaweza kuiondoa wakati wowote. Mwanafunzi anayejifunza kazi naye huombewa ridhaa. Mkalimani huitwa lugha zinapopishana, ila haifai awe ndugu, na hasa asiwe mtoto wa mteja: mama anayepigwa nyumbani hawezi kusema yote kupitia kinywa cha mwanawe.

Kwa watoto, kwa kawaida mzazi ndiye hutoa idhini, lakini idhini haimpi kiti chumbani kila mara. Nchini Tanzania, sheria ya UKIMWI ilirekebishwa mwaka 2019, na kijana wa miaka 15 akaruhusiwa kupima VVU bila ridhaa ya mzazi. Yalikuwa mabadiliko ya lazima, maana vijana wengi hunyamaza mzazi akiwapo.