Je, Wajua? Kuuliza Njia kwa Kihispania

Je, wajua kwamba swali ndilo jepesi, kazi iko kwenye jibu? "¿Dónde está la estación?" (Stesheni iko wapi?) unaikariri ukiwa kwenye foleni ya uwanja wa ndege. Kisha mwenyeji anakujibu kwa mkupuo mmoja, mkono juu, mitaa mitatu ndani ya sentensi moja. Anza basi na maneno utakayoyasikia: siga (endelea), doble (kata kona), cruce (vuka), izquierda (kushoto), esquina (kona), semáforo (mataa), rotonda (kipilefti).

Je, wajua kwamba irabu moja inaweza kukupoteza? Derecha ni kulia. Derecho, katika nchi nyingi za Amerika ya Kusini na ya Kati, ni moja kwa moja. Tega sikio mwisho wa neno, na macho yabaki kwenye mkono wa anayekuelekeza. Hispania yenyewe wanapenda zaidi kusema todo recto, na hapo utata unaisha.

Je, wajua kwamba mzungumzaji wa Kiswahili anaanza safari hii akiwa mbele? Kihispania kina irabu tano, a, e, i, o, u, na zinatamkwa karibu sawa na zetu. Mkazo nao mara nyingi huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kama tulivyozoea: calle, plaza, iglesia. Neno likikiuka utaratibu wake, huandikwa alama juu ya irabu yenye mkazo: autobús, estación. Herufi ñ ni ny yetu, h haitamkwi, na j isome kama kh.

Zuri kuliko yote ni hili: Kihispania hugawa mahali mara tatu, kama sisi. Aquí ni hapa nilipo mimi. Ahí kwa kawaida ni hapo ulipo wewe, au karibu tu. Allí ni pale, mbali na sisi sote. Wanaotoka kwenye lugha zenye "hapa" na "pale" tu huhangaika na ahí. Wewe umeijua tangu utotoni. Mwenyeji akisema "ahí, en la esquina", usijiandae kwa mwendo mrefu.

Je, wajua kwamba hasta ya "siga hasta el semáforo" (endelea hadi kwenye mataa) ina asili moja na hata yetu, ile ya "toka Lamu hata Mombasa"? Zote zimetoka kwenye Kiarabu. Waarabu na Waberberi waliingia rasi ya Iberia mwaka 711, na utawala wa mwisho wa Kiislamu huko, Granada, ulianguka 1492.

Je, wajua kwamba Managua, mji mkuu wa Nicaragua, mtu anaweza kukuelekeza kwa kitu ambacho hakipo tena? Usiku wa kuamkia tarehe 23 Desemba 1972 tetemeko la ardhi lilibomoa sehemu kubwa ya katikati ya mji. Majengo yalikwenda, lakini majina yake yakabaki midomoni mwa watu. Ndiyo maana utasikia "de donde fue...", yaani kuanzia pale palipokuwa na kitu fulani: sinema, duka, hata mti. Kisha zinafuata pande za dunia kwa mtindo wa kwao. Al lago, kuelekea ziwani, ni kaskazini, kwa sababu Ziwa Xolotlán liko upande huo. Arriba, juu, ni mashariki linakochomoza jua. Abajo, chini, ni magharibi linakotua. Kusini peke yake imebaki al sur. Kwa hiyo "dos cuadras arriba" haikutumi kupanda mlima wala ghorofa: ni mitaa miwili kuelekea mashariki. Mgeni asiyelijua hili atatembea jioni nzima akitafuta kilima.

Costa Rica, "cien metros" (mita 100) mara nyingi humaanisha kona moja hadi nyingine, hata kama futikamba ingekataa.

Barcelona, kwenye mitaa iliyonyooka ya Eixample ambayo Ildefons Cerdà aliichorea ramani mwaka 1859, watu husema upande wa bahari au upande wa mlima.

Je, wajua kwamba anwani ya Bogotá ni maelekezo kamili? "Calle 26 # 13-19" maana yake uko Calle 26, karibu na makutano yake na Carrera 13, kiasi cha mita 19 kutoka kwenye kona. Kwa kawaida calle huelekea milimani na carrera hupita sambamba na milima hiyo, iliyo mashariki. Itazame milima, kaskazini iko kushoto kwako. Buenos Aires nako, kila mtaa hupewa namba 100, hivyo kwenye barabara ya Corrientes, kutoka namba 1200 hadi 1500 ni mitaa mitatu.

Basi la mjini ni camión Mexico na guagua Cuba. Chile, guagua ni mtoto mchanga! Kupanda basi Hispania ni coger, lakini Mexico na Argentina neno hilo ni tusi. Tumia tomar, utakuwa salama kote.

Je, wajua kwamba salamu hufungua njia? Tanguliza "buenos días" na "disculpe, señora", na umwite usted mtu mzima usiyemjua. Akienda mbio, omba "más despacio, por favor" (polepole tafadhali). Kabla ya kuondoka, mrudishie maneno yake: "Dos cuadras y a la izquierda, ¿verdad?" Akijibu "eso es", nenda. Akitikisa kichwa, atakueleza upya, na safari hii kwa maneno machache zaidi.