Nyumba ya Kwanza Morogoro (2): Slipu ya Mshahara Kabla ya Dalali

Anayetafuta nyumba Morogoro kwa mara ya kwanza huanza na miguu. Jumamosi dalali anampeleka Mkundi, Jumapili Lukobe, wiki inayofuata Bigwa, mpaka anaipenda moja yenye mwembe uani na milima ya Uluguru kwa nyuma. Ndipo anakaa kupiga hesabu. Kufikia hapo hesabu haimshauri tena. Inalazimishwa ikubaliane na mwembe.

Afadhali aanze na slipu. Tumchukue mwalimu wa kubuni, mtumishi wa umma, aliyepanga Kihonda kwa Sh120,000 kwa mwezi. Mshahara wake wa msingi ni Sh1,200,000. Kodi ya mapato inachukua 170,000, mfuko wa pensheni 60,000, bima ya afya 36,000, chama cha wafanyakazi 24,000. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, inayokata asilimia 15, inachukua 180,000. Mkononi zinabaki 730,000. Kanuni za utumishi wa umma hazitaki mtumishi abakiwe na chini ya theluthi moja ya mshahara wa msingi, kwake 400,000. Kwa hiyo rejesho haliwezi kuzidi 330,000.

Fedha hiyo inanunua nini? Soko la mikopo ya nyumba lilifufuka baada ya sheria ya mwaka 2008, na miaka ya karibuni riba imekuwa ikizunguka kati ya asilimia 15 na 19. Kwa asilimia 16 na miaka 15, rejesho la 330,000 linabeba mkopo wa takriban milioni 22.5. Akiongeza milioni 2.5 zake, ambayo ni asilimia 10 ya bei, anafika nyumba ya milioni 25. Mpaka amalize, benki atakuwa ameipa milioni 59.4.

Hapo ndipo hushawishika kurefusha muda. Akienda miaka 25, rejesho lilelile linabeba milioni 24.3. Ameongeza miaka kumi ya kukatwa, zaidi ya milioni 39 kwa jumla, ili apate milioni 1.8 zaidi. Sababu inaonekana mwezi wa kwanza kabisa: riba ya deni hilo peke yake ni karibu 324,000. Katika 330,000 alizolipa, deni limepungua kwa kama shilingi elfu sita.

Kuna pia hesabu ya jikoni. Theluthi ile ni kinga ya sheria, haijui bei ya mkaa, ada ya mtoto, luku wala bili ya MORUWASA. Kipimo kizuri ni kujaribu deni kabla ya kulikopa: mwalimu aendelee kulipa kodi yake ya 120,000, na kila mwezi atenge 210,000 nyingine kana kwamba benki imeshakata. Ikiwa mwezi wa tatu jina lake limo kwenye daftari la muuza duka, 330,000 ni nyingi mno kwake. Akifika mwezi wa sita salama, ana Sh1,260,000 za kulipia ushuru wa stempu, ambao kwa nyumba ya milioni 25 ni kama 250,000, pamoja na mthamini na mwanasheria.

Kwa milioni 25, wengi huishia kwenye pagale: kuta zimesimama, lenta imefungwa, paa hakuna. Bei yake huvutia kwa sababu haijahesabu kilichobaki, yaani mbao, bati, milango, plasta na nyaya za umeme, wala masika mawili yaliyokwisha kuzinyeshea kuta hizo. Miguuni mwa Uluguru mteremko nao una gharama zake. Msingi wa mawe upande wa chini unaweza kupanda kimo cha mtu, na ukuta wa kuzuia udongo hauepukiki. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inaweka mita 60 kutoka kingo za mto kuwa eneo la hifadhi. Na kiwanja cha bei rahisi kule juu huenda ni ardhi ya ukoo, ambayo kwa desturi ya Waluguru hufuata upande wa mama; anayekuonyesha mipaka si lazima awe ndiye mwenye kauli. Hata akiwa ndiye, bila hati benki haitaipokea kuwa dhamana.

Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria Juni 2024, wafanyakazi wa Dar es Salaam nao wameanza kuulizia viwanja Kihonda. Waingize nauli kwenye hesabu. Iliyotangazwa mwaka huo kwa daraja la kawaida ilikuwa Sh13,000 kwenda tu. Kwenda na kurudi siku 22 ni 572,000 kwa mwezi, nyingi kuliko rejesho lote la mwalimu wetu, ambaye shuleni anakwenda kwa miguu.

Sehemu ya tatu itaingia ndani ya pagale, futi ya fundi mkononi.