Anapotetemeka Mfungaji Ilhali Ameshafuturu

SAA mbili za usiku zimepita, swala ya tarawehe imefika katikati, na mfungaji mmoja katika safu ya tatu anahisi jasho jembamba likimtiririka mgongoni. Mikono inamtetemeka, moyo unamdunda, macho yanaingia giza, na njaa kali inamkaba kana kwamba hajatia kitu kinywani tangu alfajiri. Ajabu ni kwamba alifuturu, tena akashiba: uji wa sukari, tambi, kaimati, gilasi mbili za sharubati. Anatoka msikitini, ananunua soda dukani, anapata nafuu. Haipiti muda mrefu akiwa nyumbani hali ile ile inamrudia.

Watu watamwambia ni presha. Wengine watataja kijicho au shetani. Yamkini, ndugu msomaji, kilichomfika ni kushuka kwa sukari ya damu baada ya mlo, jambo ambalo aghalabu hutokea kati ya saa mbili na nne tangu mtu ale.

Chakula cha wanga au sukari kinapoingia tumboni hugeuzwa glukosi na kupita kwenye damu. Kongosho nalo hutoa homoni ya insulini ili glukosi hiyo iingizwe katika seli. Sukari ikimiminika kwa ghafla, hasa kwa njia ya kinywaji na juu ya tumbo tupu, kongosho la baadhi ya watu hutoa insulini kupita kiasi, au huitoa kwa kuchelewa. Sukari ya chakula huwa imekwisha kuingia selini ilhali insulini ingali inafanya kazi, na hapo kiwango cha damu huporomoka. Seale Harris, tabibu wa Alabama nchini Marekani, aliandika juu ya hali hii mwaka 1924, miaka michache tu baada ya insulini kugunduliwa mjini Toronto. Aliona dalili za wagonjwa wa kisukari waliozidishiwa dawa zikiwapata watu wasiotumia dawa hiyo kabisa.

Hata hivyo si kila atetemekaye ana tatizo hili. Daktari mpasuaji Allen Whipple aliweka vigezo vitatu ambavyo tabibu hutumia hadi leo: dalili ziwepo, sukari ipimwe wakati wa dalili hizo na ionekane kuwa chini, na dalili ziondoke sukari inapopanda. Kwa mtu asiye na kisukari, kiwango cha kutiliwa shaka ni chini ya milimoli 3.0 kwa lita, yaani miligramu 55 kwa desilita. Wako wengi wanaotetemeka baada ya kula na wakipimwa sukari yao huwa ya kawaida. Basi kipimo kitangulie hukumu. Aliyewahi kufanyiwa upasuaji wa tumbo, au mwenye dalili za awali za kisukari, asikawie kumwona daktari.

Tiba kubwa imo jikoni, na hapa ndipo wengi hukosea, kwani hudhani kuwa anayeishiwa sukari aongezewe sukari. Soda ya kawaida hubeba takriban gramu 10 za sukari katika kila mililita 100; chupa ya mililita 300 ni sawa na vijiko saba vya chai. Aijazaye futari yake kwa vinywaji vya namna hiyo anajiandalia mporomoko wa saa mbili baadaye.

Imepokewa kutoka kwa Anas bin Malik kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akifuturu kabla ya kuswali Magharibi kwa tende chache mbichi, akizikosa kwa tende kavu, na akizikosa kwa mafunda ya maji. Mwenye tatizo hili atanufaika sana na utaratibu huo. Tende mbili au tatu na maji, kisha swala, kisha mlo wenyewe. Na katika mlo huo aanze na samaki, kuku, mayai au mbaazi pamoja na mboga za majani, wanga aumalizie. Nyuzinyuzi, protini na mafuta kidogo huchelewesha chakula kutoka tumboni, hivyo sukari huingia kwenye damu pole pole. Ugali wa dona una heri kuliko wa sembe. Mkate wa mofa wa mtama una heri kuliko mkate mweupe. Chungwa zima lina heri kuliko juisi yake. Kaimati sikatazi, ila ziwe mbili, tena baada ya samaki. Asile vyote kwa mkupuo mmoja: aache sehemu ya chakula hadi baada ya tarawehe, kisha ale daku iliyochelewa yenye kunde au maharage. Nje ya Ramadhani, milo midogo kila baada ya saa tatu au nne humfaa zaidi kuliko milo miwili mikubwa.

Anayetumia dawa za kisukari ana hukumu nyingine, asibadilishe dawa wala ratiba bila daktari wake. Na ambaye sukari humshuka mchana akiwa amefunga, si baada ya kula, huyo ana jambo la kuchunguzwa hospitalini. Aya za 184 na 185 za Suratul Baqara zimempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine.

Ama yule wa safu ya tatu, tarawehe ni sunna, na swala ya sunna huswaliwa hata kwa kukaa. Akihisi dalili akae, asing'ang'anie kusimama hadi aanguke. Zikizidi atoke, anywe maji yenye vijiko vitatu au vinne vya sukari, na baada ya dakika 15, akishatulia, ale kitu kigumu: yai la kuchemsha na kipande cha mkate, au konzi ya karanga.