Maskini wa Kiingereza Ameandikwa Wapi?

Charlie Chaplin, ambaye sura yake ilijulikana karibu dunia nzima, hana cheti cha kuzaliwa. Mwenyewe alisema alizaliwa tarehe 16 Aprili 1889 katika mtaa wa East Street, Walworth, kusini mwa London. Mwaka 1952, Marekani ilipokuwa ikimshuku kwa ukomunisti, idara ya usalama ya Uingereza, MI5, iliombwa ichunguze asili yake. Orodha za vizazi zilizokuwa zikitunzwa Somerset House zilipekuliwa, na jina lake halikuonekana. Mafaili ya uchunguzi huo yalifunguliwa kwa umma mwaka 2012, na hadi leo cheti hakijapatikana.

Hata hivyo utoto wake unajulikana vizuri. Wazazi wake, wote waimbaji wa majukwaani, walifunga ndoa Walworth mwaka 1885. Sensa ya 1891 inamwonyesha Walworth, mtoto wa miaka 2, akiwa na mama yake Hannah na kaka yake Sydney. Mwaka 1896 mama aliishiwa, akaingia na watoto wake katika nyumba ya maskini, kisha watoto wakapelekwa shule ya watoto wa maskini huko Hanwell. Sensa ya 1901 inamkuta Lambeth, na kazi yake imeandikwa kuwa ni msanii wa jukwaani. Ameandikwa kuwa na miaka 12 tu.

Naanza na Chaplin kwa sababu habari zake zinafundisha namna ya kumtafuta Mwingereza yeyote wa tabaka la chini. Tajiri aliacha wosia, hati za ardhi na picha za ukutani. Kibarua, dobi, mchimba makaa na mtumishi wa ndani hawakuwa na hayo. Waliandikwa na watu wengine, na waliandikwa kwa kina zaidi pale walipoanza kuwagharimu walipa kodi wa parokia. Anayemtafuta mzee wa namna hiyo inabidi ajue nani alishika kalamu, na alikuwa akitaka kujua nini.

Jambo hili halipo mbali nasi. Wapo watu Mombasa, Nairobi na Tanga ambao babu yao mmoja alikuwa fundi wa reli, baharia au askari Mwingereza. Wapo pia Waswahili waliooa au kuolewa Uingereza, na watoto wao sasa wanauliza asili ya upande wa pili. Mara nyingi kinachojulikana ni jina, picha, na labda mji.

Kanuni ya kwanza ni kwenda kinyumenyume, hatua kwa hatua, kutoka kwa unayemjua kwenda kwa usiyemjua. Usajili wa kiserikali wa vizazi, ndoa na vifo ulianza Uingereza na Wales tarehe 1 Julai 1837. Cheti cha kuzaliwa kinakupa jina la ukoo wa mama kabla ya ndoa, na cheti cha ndoa kinakupa majina ya baba wa pande zote mbili pamoja na kazi zao. (Majina ya mama yaliingizwa kwenye hati za ndoa mwaka 2021 tu, miaka yote hiyo mama wa bwana na bibi harusi hawakuandikwa humo.) Ukiona nafasi ya baba imeachwa wazi, kwa kawaida mtoto alizaliwa nje ya ndoa. Usikate tamaa kama cheti hakipo. Hadi sheria mpya ilipoanza kutumika mwaka 1875, mzazi aliyekaa kimya hakutozwa faini, na watoto wengi wa familia za kuhamahama hawakusajiliwa. Hata baada ya hapo wengine walipotea, na Chaplin ni mmoja wao.

Ukishapata vyeti viwili vitatu ndipo sensa inapokuwa na faida. Uingereza imehesabu watu kila baada ya miaka 10 tangu 1801, isipokuwa 1941, lakini sensa ya kwanza kuandika majina ya wote na kuhifadhiwa nchi nzima ni ya 1841. Hiyo inahitaji uangalifu. Makarani waliambiwa wapunguze umri wa kila aliyezidi miaka 15 hadi kwenye tano ya chini yake, kwa hiyo mtu wa miaka 44 akaandikwa 40. Uhusiano wa watu ndani ya nyumba haukuandikwa, na kuhusu mahali pa kuzaliwa waliulizwa tu kama mtu alizaliwa katika kaunti ile ile, au kama alitoka Scotland, Ireland au nchi za nje. Sensa ya 1851 ndiyo ya kuanzia kwa kujiamini, maana inataja mkuu wa kaya, uhusiano wa kila mmoja naye, umri, kazi, na parokia aliyozaliwa.

Hata hiyo isomwe kama maneno ya watu, wala si kama kiapo. Karani aliacha fomu mlangoni, akairudia baada ya siku ya hesabu. Asiyejua kusoma alijibu kwa mdomo na karani akaandika alichosikia. London na Lancashire watu wengi hawakuitamka herufi H mwanzoni mwa neno, kwa hiyo Hannah akawa Anna. Elizabeth yule yule anaweza kuwa Eliza mwaka 1861 na Betsy mwaka 1871. Mwanamke aliongezewa au kupunguziwa umri ili alingane na mumewe. Kazi ya mke mara nyingi haikuandikwa kabisa, hata kama alifua nguo za mtaa mzima na kipato chake ndicho kilicholisha watoto. Nafasi hiyo tupu isikufanye uamini kwamba alikaa bure.

Ukimtafuta John Smith utapata maelfu. Basi acha kumtafuta John. Tazama familia yake yote, kisha mtafute yule mwenye jina adimu kuliko wote: mtoto aliyeitwa Zillah au Obadiah, au mama mkwe mjane anayeishi nao kwa jina la ukoo mwingine. Ukimpata huyo, John atakuwa ameketi mstari wa juu yake. Angalia na majirani pia, kwa kuwa vibarua waliishi karibu na ndugu zao, na mpangaji wa nyumba ya pili huenda ni shemeji.

Sensa ya 1911 nadhani ndiyo inayogusa moyo kuliko zote. Fomu zilizohifadhiwa ni zile zile zilizojazwa na familia, kwa hiyo unaona mwandiko wa babu mwenyewe. Na wanawake walioolewa waliulizwa wamezaa watoto wangapi, wangapi wako hai, wangapi wamekufa. Unaweza kukuta mke wa mchimba makaa ameandikiwa watoto 11, hai 6. Wale 5 waliokufa huenda hawamo katika sensa yoyote, kwa sababu walizaliwa na kufa katikati ya sensa mbili.

Sasa nirudi kwenye nyaraka za umaskini, kwa maana watafutaji wengi huziogopa au hawajui kama zipo. Sheria ya mwaka 1662 ilimfunga kila maskini na parokia moja iliyowajibika kumtunza. Haki hiyo ilipatikana kwa kuzaliwa, kwa ndoa, kwa kumaliza uanagenzi, au kwa kuajiriwa mwaka mzima mahali pamoja. Kibarua aliyeomba msaada mahali pengine alifikishwa mbele ya mahakimu wawili, akaapishwa, akahojiwa: ulizaliwa wapi, ulimtumikia nani, kwa mshahara gani, ulioa lini, watoto wako ni nani na wana umri gani. Karani aliandika yote, na asiyejua kuandika akatia alama ya X. Lengo la parokia lilikuwa kumrudisha kwao ili agharamiwe na wengine. Lakini sisi tumeachiwa historia ya maisha ya mtu ambaye hakuna mwingine angejali kuiandika.

Baada ya sheria ya 1834, parokia ziliunganishwa na kila muungano ukawa na nyumba yake ya maskini. Rejista zake zinaonyesha aliyeingia, siku, umri, kazi, dini, sababu ya kuingia na siku ya kutoka. Za London nyingi zimehifadhiwa katika hifadhi ya nyaraka ya jiji hilo; za kwingine ziko katika hifadhi za kaunti. Familia nyingi zilificha habari hizi kwa aibu, na aibu hiyo haikustahili. Wengi waliingia kwa sababu ya kujifungua, ugonjwa au uzee, kwani wodi za nyumba hizo ndizo zilizokuwa hospitali ya asiye na fedha. Serikali yenyewe ilikuja kutambua mzigo huo: mwaka 1904 wasajili walishauriwa wasiandike jina la nyumba ya maskini kwenye cheti cha mtoto aliyezaliwa humo, bali waandike namba na mtaa. Kwa hiyo anwani ya kawaida kwenye cheti cha miaka hiyo ichunguzwe kwenye ramani kabla hujaamua kwamba hapo ndipo babu alipokuwa na nyumba.

Kuhusu gharama: FamilySearch na FreeBMD hazitozi chochote, na zinatosha kwa kuanzia. Tovuti za kulipia kama Ancestry na Findmypast zina picha za kurasa zenyewe, na maktaba nyingi za umma Uingereza huwaruhusu wasomaji kuzitumia bure. Daima fungua picha ya ukurasa. Aliyenakili majina kwenye kompyuta naye alikisia.

Sensa ya mwisho iliyo wazi ni ya 1921, iliyofunguliwa Januari 2022 baada ya miaka 100, nayo inataja hata jina la mwajiri. Ya 1931 iliteketea kwa moto mwaka 1942, na ya 1941 haikufanyika kwa sababu ya vita. Ipo rejista ya tarehe 29 Septemba 1939, iliyoandaliwa kwa ajili ya vitambulisho, lakini haikuandika mtu alizaliwa wapi. Inayofuata ni ya 1951, na haitafunguliwa hadi miaka 100 yake itimie. Wanaoweza kuzungumzia miaka hiyo ya kati ni wazee walio hai leo. Kama katika ukoo wenu yupo bibi au babu anayelikumbuka jina la Mwingereza huyo, mji aliotoka au kazi aliyofanya, nenda ukamsikilize wiki hii, uandike kila neno, na umwombe aandike kwa penseli nyuma ya kila picha majina ya waliomo.