Baiskeli, Simu na Majina ya Njia Zetu

Wako wananchi wengi wanaoamini kwamba simu janja ikikosa mtandao haiwezi tena kumwonyesha mtu mahali alipo. Imani hiyo si sahihi, na kwa watu wa visiwani, ambao wanajua maana ya waya kukatika chini ya bahari, inafaa irekebishwe mapema. Mwezi Mei 2024, nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu na intaneti ikazorota Tanzania na katika nchi jirani. Siku hizo benki zilisumbuka na maofisi yakasumbuka, lakini mpanda baiskeli aliyekuwa ameihifadhi ramani ndani ya simu yake aliendelea na safari kama kawaida.

Sababu yake ni nyepesi. Mfumo wa Marekani uitwao GPS una setilaiti zipatazo 30 zinazoizunguka dunia, kiasi cha kilomita 20,000 juu yetu. Warusi wanao wa kwao, GLONASS. Ulaya wana Galileo. China wana BeiDou. Kila setilaiti hutangaza saa yake na mahali ilipo, mithili ya mwadhini ambaye hajui ni nani anayemsikia. Simu kazi yake ni kusikiliza. Ikizisikia setilaiti nne, hukokotoa yenyewe mahali ilipo. Haipeleki neno lolote juu, wala mwenye simu hatozwi hata senti moja. Kinachohitaji mtandao ni ile picha ya barabara na vijiji, nayo hupakuliwa mara moja, siku ambayo mtandao upo. Programu kama OsmAnd na Organic Maps hupatikana bila ya malipo na zimetengenezwa kwa kazi hiyo hiyo.

Mwenye gari hana haja kubwa ya mambo haya, kwani lami humpeleka. Mwenye baiskeli ndiye anayechagua. Baina ya Chake Chake na Wete ardhi hupanda na kushuka bila ya kupumzika, na mtu akikosea njia panda moja hujikuta ameteremka katika bonde la mpunga asilolihitaji, kisha alipande tena na gunia lake nyuma. Mashariki ya Unguja shida ni nyingine: katika uwanda wa mawe, vijia hugawanyika na vyote hufanana, na hakuna mti mrefu wa kuwekea alama.

Anayeanza na asimame kwanza mahali peupe, si chini ya mwembe. Pasipo mtandao, simu hulazimika kupokea habari za setilaiti kutoka kwa setilaiti zenyewe, na jambo hilo laweza kuchukua dakika kadhaa. Wengi hukata tamaa katika dakika ya kwanza wakasema simu mbovu. Kioo kinachowaka ndicho kinachomaliza umeme, kwa hiyo kifunguliwe penye njia panda tu, kisha kizimwe. Waliokaa Unguja katika ile miezi mitatu ya giza, Disemba 2009 hadi Machi 2010, hawahitaji kufundishwa thamani ya chaji. Wengine hufunga simu kwenye usukani kwa kipande cha tyubu kuukuu. Mfuko wa shati ni bora zaidi, kwani mtikisiko na jua la mchana havina huruma nayo.

Ipo pia dira ambayo babu zetu wametuachia. Visiwa vyetu viko karibu kusini hasa ya Makka, hivyo kibla yetu na kaskazini hutofautiana kwa kiasi kidogo sana. Mpanda baiskeli akiiona mihrabu iliyotokeza katika ukuta wa msikiti wa kijiji, ameshajua kaskazini. Simu ikimwambia vinginevyo, na aishuku simu.

Hata hivyo, ramani haiwezi kuwapita kwa ujuzi watu walioiandika. Programu tulizozitaja hutegemea ramani huria ya OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambayo huchorwa na watu wa kujitolea popote walipo. Zanzibar haikubaki nyuma. Tangu mwaka 2016, katika mradi wa Zanzibar Mapping Initiative uliosimamiwa na Kamisheni ya Ardhi, vijana wetu wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walirusha ndege ndogo zisizo na rubani na kuvipiga picha visiwa vyote viwili. Hiyo ni kazi ya kujivunia. Lakini picha ya juu huona paa, haioni jina. Na njia inayopita chini ya mikarafuu haiioni kabisa. Mtu aliye ng'ambo akichora kutokana na picha hiyo hawezi kujua kama mstari mweupe anaouona ni njia ya baiskeli au ni njia ya ng'ombe. Ndiyo maana si ajabu kukuta hoteli ya wageni ina jina lake kamili, na kitongoji kilicho nyuma yake ni kimya.

Kazi hiyo hawezi kuimaliza ofisa aliyefunga vioo vya gari. Mwenye baiskeli hupita pasipopitika kwa gari, tena kwa mwendo unaomruhusu kusimama, kuamkia wazee na kuuliza: hapa panaitwaje? Wahudumu wa afya wa kujitolea katika mpango wa Jamii ni Afya tayari wanazo simu za kazi. Wakiruhusiwa kuweka ramani ndani yake, programu hizo zitahifadhi njia waliyopita, nayo itapelekwa jioni penye mtandao. Ofisi za wilaya zianze na njia za kwenda vituo vya afya, skuli na visima, na masheha wathibitishe majina kabla hayajaandikwa. Dereva wa gari la wagonjwa anayetoka mjini usiku hana mzee wa kumuuliza.

Wapo watakaosema kwamba kuandika njia ni kutoa siri. Njia ya kisimani si siri. Siri ni mlango wa mgonjwa, na huo usiandikwe: njia ikatwe barabarani kabla ya kufika uani kwa mtu, na jina la mwenye nyumba lisitiwe katika ramani.

Kazi ianze wakati wa kipupwe, ardhi ikiwa imekauka. Njia za mabonde ya mpunga zipitwe mara ya pili katika masika, kwa kuwa ifikapo Aprili baadhi yake si njia tena bali ni maji, na mwenye baiskeli anastahiki kulijua hilo kabla hajateremka.