Mbele ya kulaumu kampuni ya intaneti, fuata kable

Mahali pengi kwenye miji yetu ya mashariki, siberi ya mtaa, duka la fotokopi ao ofisi ya chama inatumikia laini moja ya intaneti. Antena iko juu ya paa, kable inashuka mpaka kwenye modemu, na toka hapo inagawanywa kwa kompyuta nne ao tano. Siku laini inakatika, lawama inaenda mbio kwa kampuni. Mwenye duka ananunua forfe nyingine, anaita fundi, pengine anaambiwa anunue modemu mpya. Kumbe shida iko kwenye kable ya metre mbili.

Swali la kwanza ni hili: kompyuta zote zimekatika, ao moja tu? Ikiwa ni moja tu na zingine zinafanya kazi, kampuni haina kosa hapo. Mtu aangalie taa ndogo pahali kable inaingia. Ikiwaka ao ikimetameta, mashini mbili zinasikilizana. Ikiwa imezimika kabisa, kable haijaingia vizuri, imekatika ndani, ao tundu lenyewe limekufa. Kile kiulimi cha plastiki kwenye kichwa cha kable, kinacholia "tak" kikishika, kikivunjika kable inajitoa polepole kila mara meza inaposogezwa.

Kisha abadilishe kitu kimoja kimoja. Achukue kable inayofanya kazi kwa jirani na kuijaribu. Akibadilisha kable, tundu na kompyuta kwa pamoja, intaneti inaweza kurudi, lakini hatajua ni nini kilikuwa kimeharibika, na atalipa kwa bure.

Ikiwa zote zimekatika, kuna kikasha cheusi cha kusahaulika: kile kinachopeleka umeme kwa antena kupitia kable ileile ya intaneti. Mara nyingi kina matundu mawili. Lililoandikwa POE linaenda kwa antena, lililoandikwa LAN linaenda kwa modemu. Mtu akifagia na kurudisha kable kinyume, antena inazimika, na inaonekana kama kampuni imekata laini.

Shida ngumu zaidi ni kable iliyotengenezwa vibaya. Ndani yake kuna nyaya nane, zilizosokotwa mbili mbili, na kule kusokotwa ndiko kunazuia kelele za umeme. Wafundi wengi wanafuata mpangilio huu: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Wengine wanasema rangi si kitu, bora tu pande zote mbili zifanane. Hapana. Waya mbili zinazotumika pamoja zikitoka kwenye misokoto tofauti, kipimo cha bei rahisi kitawasha taa zote nane, lakini kable ikiwa ndefu laini itakuwa inakatika-katika. Ni kosa linalochosha sana, juu kila kitu kinaonekana kizuri.

Kuna pia laini iliyopo lakini inatambaa. Mwendo wa megabiti 100 unatumia nyaya nne tu. Wa megabiti 1000 unahitaji zote nane. Waya moja ikikatika, mashini zinaweza kushuka mpaka 100 bila kusema neno. Urefu nao una mpaka: kable ya shaba isipite metre 100. Na kable inayouzishwa bei ya chini sana mara nyingi ni alumini iliyopakwa shaba juu. Inavunjika haraka, na haifai kupeleka umeme kwa antena.

Huku Kivu kuna pia radi. Utafiti wa satelaiti uliotolewa 2016 uliweka Kabare pahali pa kwanza katika Afrika kwa wingi wa radi, na pa pili duniani. Radi haina lazima ipige nyumba yenyewe. Ikipiga karibu, kable ya shaba iliyoko inje inabeba nguvu ile mpaka ndani. Nyuma ya mvua kubwa, tundu moja linaweza kufa na mengine yakabaki mazima, basi ajaribu tundu lingine mbele ya kutupa modemu. Kable ya antena itolewe wakati mawingu yanakusanyika, si wakati radi imeanza kupiga, na prizi ya umeme itolewe pia. Kwa kuunganisha nyumba mbili, fibre ya kioo ni bora kuliko shaba, juu kioo hakipitishi umeme.