KIFAFA HAKIAMBUKIZWI KWA MATE

Mtu wa kifafa akianguka, watu wengi hukimbia. Wanasema, "Usimguse! Mate yake yatakuambukiza." Basi akiangukia motoni, huungua huku watu wanamtazama. Akiangukia mtoni, huzama hata kwenye maji ya magotini. Je, ni kweli kwamba mate huambukiza? Tutazame yaliyochunguzwa hapa hapa nchini, huko Mahenge, Wilaya ya Ulanga, Mkoa wa Morogoro.

Kifafa ni nini?

Kifafa ni ugonjwa wa ubongo. Ubongo huuamrisha mwili kwa kutumia umeme mdogo sana unaopita katika mishipa ya fahamu. Mara nyingine umeme huo hutoka mwingi kwa ghafla, bila mpango. Hapo mtu huanguka, hukakamaa, hutetemeka na kutokwa povu. Wengine hawaanguki. Hukodoa macho tu, ukiwaita hawasikii.

Povu lile ni mate ya kawaida. Halina kifafa ndani yake. Kumshika mgonjwa au kula naye sahani moja hakuambukizi.

Kliniki ya Mahenge

Daktari Louise Aall, mzaliwa wa Norway, alifika Mahenge mwishoni mwa miaka ya 1950. Alikuta watu wengi wenye kifafa miongoni mwa Wapogoro. Wengi walitengwa, wakila peke yao na kulala peke yao. Wengi walikuwa na makovu ya moto. Aliona pia watoto waliosinzia kichwa, yaani kichwa kinaanguka mbele mara kwa mara. Mwaka 1960 alianzisha kliniki ya kifafa.

Wagonjwa 164 wa kliniki hiyo walifuatiliwa kwa miaka 30. Mwaka 1992 Daktari Aall na Daktari Rwiza walitoa matokeo. Zaidi ya nusu ya wagonjwa waliotibiwa waliacha kabisa kuanguka. Wengine wengi walianguka mara chache kuliko zamani. Lakini wengi pia walikufa katika miaka hiyo, na zaidi ya nusu ya vifo hivyo vilitokana na kifafa: kuungua, kuzama, au kuanguka mfululizo bila kupata nafuu.

Tunajifunza mambo mawili. Dawa inasaidia. Na kumtenga mgonjwa kunaua.

Kutambua na kutibu

Mganga hutambua kifafa kwanza kwa kuuliza maswali. Mgonjwa mwenyewe hakumbuki alivyoanguka. Kwa hiyo aliyemwona ndiye afuatane naye hospitali, aeleze: alianza vipi, alitetemeka upande gani, ilichukua muda gani, alijiuma ulimi au la. Kama ni mtoto mwenye homa, mganga atapima malaria, maana degedege la homa si kifafa.

Dawa iliyotumika sana vijijini ni vidonge vya fenobabitoni. Humezwa kila siku, kwa miaka. Hapa ndipo wengi wetu hukosea. Mgonjwa akikaa miezi sita bila kuanguka, anasema, "Aa, nimepona," anaacha dawa. Kuacha ghafla ni hatari! Anaweza kuanguka mfululizo mpaka akafa. Dawa ipunguzwe na mganga tu.

Kifafa na usubi

Kwa nini Mahenge kifafa ni kingi? Uchunguzi umeonyesha kwamba penye usubi mwingi, kifafa nacho ni kingi. Usubi ni ugonjwa wa minyoo midogo. Huletwa na inzi weusi wadogo wanaozaliana katika mito yenye maji ya kasi. Dawa ya usubi ilianza kugawiwa Mahenge mwaka 1997, mara moja kwa mwaka. Tangu 2019 ikagawiwa mara mbili kwa mwaka. Basi mgawa dawa akipita kijijini kwenu, msimkimbie. Kumeza dawa hiyo ni kuwakinga watoto wenu.

Mtu akianguka, fanyeni hivi

1. Mwondoeni penye moto, maji au mawe.
2. Mlazeni kwa ubavu ili mate yatoke.
3. Wekeni nguo laini chini ya kichwa.
4. Msimtie kijiko wala kijiti mdomoni. Msimbane kwa nguvu.
5. Kaeni naye mpaka azinduke.
6. Ikipita dakika tano bado anatetemeka, mpelekeni hospitali upesi.

Ndugu wananchi, mwenye kifafa ni mwenzetu. Anaweza kusoma, kulima, kuoa au kuolewa. Asipike peke yake kwenye moto wa mafiga, wala asiende mtoni peke yake. Lakini asifichwe ndani.

Maswali ya kujadiliana

1. Kijijini kwenu, mtu wa kifafa akianguka watu hufanya nini?
2. Kwa nini ni hatari kuacha dawa ghafla?
3. Nani atafuatana na mgonjwa wenu hospitali, na ataeleza nini?